Mombasa hadi Wasini, watu wawili na mabegi mgongoni: hesabuni maji kwanza

Ndugu yangu uliyeuliza kama wewe na mkeo mnaweza kutoka Mombasa hadi kisiwa cha Wasini kwa siku sita, mabegi mgongoni, bila gari la kukodi wala hoteli kubwa: mnaweza, tena vizuri sana. Mimi na mume wangu tulifanya safari hiyo hiyo mwezi wa Februari, mwaka juzi. Umeomba ratiba ya kila siku. Njia nitakupa, lakini ukinisikiliza utaanza na mwezi na maji, halafu ndiyo ukate tarehe.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Mume wangu ni mtu wa bara na hajui kuogelea. Siku ya pili ya safari tulitembea ufuoni kutoka Tiwi kwenda Diani, na katikati kuna mto unaoingia baharini karibu na Msikiti wa Kongo. Maji yakipwa, mto ule unavukwa kwa miguu, maji hayafiki gotini. Hilo nililijua tangu utotoni. Nilichosahau kuangalia ni kwamba mwezi ulikuwa mpevu, na sisi tulifika mtoni saa saba mchana.

Tukaingia. Hatua kumi za kwanza maji yalikuwa gotini, kisha kiunoni, na mchanga ukaanza kutukimbia chini ya nyayo. Mume wangu alinishika mkono kwa nguvu hadi pete ikaniuma. Ng'ambo alikuwako mzee mmoja mvuvi anashona wavu. Akainuka, akapiga ukelele: "Rudini! Maji yaja hayo!" Tukarudi. Yeye akasukuma mtumbwi wake kwa upondo, akaja kutuchukua, mabegi kwanza, kisha sisi.

Tulipofika upande wake hakutugombeza. Aliuchomeka upondo mchangani pale pale maji yalipoishia, akaketi, akaendelea na wavu wake. Mimi nikakamua kanga yangu na shati la mume wangu, nikaanua vitambulisho na pesa zilizolowa nikavitandaza juu ya jiwe. Nilipogeuka, maji yalikuwa yamepanda upondo ule zaidi ya shubiri moja. Mzee akaniambia, "Mwanangu, siku za bamvua hapa pavukwa saa nne. Saa hizi ni za samaki."

Kwa hiyo hesabu ni hii. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti yake hupita mita 3. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Baada ya juma moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, na saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, ingawa si kwa kishindo kile. Mamlaka ya Bandari huchapa jedwali la maji, na mvuvi yeyote atakujibu bila jedwali. Kama mnataka kutembea ufuoni asubuhi, pangeni safari yenu iangukie siku za bamvua, muwe mmemaliza kutembea kabla ya adhuhuri.

Na pepo vilevile. Tuseme mna likizo Agosti: kusi linavuma, bahari ina mawimbi na maji ni machafu, hamtaona matumbawe kama mnavyotarajia. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, maji ni maangavu. Aprili na Mei ni mvua za masika. Mimi ningechagua Februari tena, Disemba hapana, kwa sababu bei za vyumba hupanda na matatu hujaa.

Sasa njia. Usiku wa kwanza laleni Mombasa, Mji wa Kale. Wengi huruka mji wakakimbilia Diani, na mimi naona wanajinyima. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ipo palepale mlangoni, lakini raha yenyewe ni jioni vichochoroni: viazi karai, mhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Asubuhi mahamri na mbaazi, kisha kivuko cha Likoni. Mtembea kwa miguu halipi. Mabegi yavaeni kifuani mkiwa ndani ya umati.

Tiwi kuna vyumba vya bei nafuu kuliko Diani. Kipande cha ufuo cha kutoka Tiwi hadi mtoni msikipite peke yenu na mizigo, watu wamewahi kuporwa. Mtafuteni kijana wa pale awasindikize, mpatane kabla ya kuondoka. Msikiti wa Kongo ni wa mawe ya matumbawe, uko chini ya mibuyu, na bado unaswaliwa, kwa hiyo mkeo ajifunike na muombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Diani yenyewe sitaisema sana, inajulikana. Usiku mmoja unatosha. Angalieni tu juu mkiwa barabarani, mtaona ngazi za kamba zilizotandikwa kutoka mti hadi mti ili mbega wavuke bila kugongwa na magari.

Kutoka hapo shukeni Kinondo. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mtafungwa kaniki nyeusi kiunoni, wote wawili, na kiongozi atawasomea miiko: hutoki na kitu, hata jani lililoanguka, na mume na mke hawabusiani mle ndani. Mume wangu aliniachia mkono mara tu tulipoingia, bila kuambiwa mara mbili, na tukatembea kimya kwa muda ambao hatujawahi kukaa kimya pamoja. Nakumbuka harufu ya udongo mbichi na ubaridi wa ghafla, na nje kulikuwa na jua la saa sita.

Gazi iko mbele kidogo. Kina mama wa pale wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na mama aliyetuongoza alitutajia kila mti kwa jina lake: mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana. Mkoko ndio wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalipwa kwa kuutunza msitu huo kwa sababu ya hewa ya kaboni unayoihifadhi, na pesa zimeleta maji na kusaidia shule. Kaeni mle chakula cha mchana. Msambweni sisi tulipita tu.

Matatu za kwenda Lunga Lunga zitawaacha Kanana, na hapo mtachukua bodaboda au gari hadi Shimoni, kama kilomita 15. Ingieni lile pango walimofungiwa watumwa, kisha teremkeni gatini. Hapa ndipo wageni wengi wanapoteza pesa: boti za watalii zitawaita kwa bei ya siku nzima. Ulizeni boti ya abiria, ile wanayopanda wenyeji na magunia yao ya unga. Ndiyo itakayowavusha Wasini.

Wasini laleni usiku mbili. Ukipunguza, punguza Diani. Hakuna gari wala barabara ya gari, na jioni wale waliokuja kutwa wakishaondoka kijiji kinarudi kwa wenyewe. Mtasikia Kivumba, lahaja yao ya Kiswahili, kikisemwa barazani. Ni kijiji cha Waislamu: mkeo avae kanga au dera, wewe usitembee kifua wazi, na pombe msiende nayo.

Tulipanga chumba kwa mama mmoja. Jioni alikuwa akiosha mchele wa kupika kwa nazi, na maji ya kwanza hakuyamwaga. Aliyatia kwenye beseni, akaoshea kaa, kisha akayapeleka taratibu kwenye shina la mpapai. Kisiwa hakina mto, na kwa miaka mingi watu wametegemea mvua iliyotegwa kwenye birika. Baada ya kuona vile, mume wangu alioga kwa kopo tatu. Nawaomba na nyinyi mfanye hivyo.

Siku moja nendeni Kisite-Mpunguti, hifadhi ya bahari. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipwa kwa simu, si taslimu. Chukueni chupa zenu za maji za chuma, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi. Pomboo mkiwaona mwambieni nahodha azime injini mkae mtazame, msiwarukie. Mume wangu, ambaye siku nne kabla alikuwa ananing'ang'ania mtoni, alivaa jaketi la kujiokolea na miwani, akashika kamba ya boti, akatia uso majini. Alipouinua hakusema neno, akarudisha tena.

Siku ya mwisho tembeeni kutoka kijiji cha Wasini hadi Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa, na viatu vya kufunika vidole, maana mawe ya matumbawe yanakata. Bustani ya matumbawe ya kina mama ipo nyuma ya kijiji cha Wasini. Mkienda wakati wa bamvua alasiri, mtakuta maji yameingia chini ya daraja lao la mbao linalopita juu ya matumbawe.

Lamu, uliyoitaja mwishoni, iacheni kwa safari nyingine. Ni upande wa kaskazini kabisa na itawamalizia siku mbili za basi, kwenda na kurudi.

Niandikie tarehe mnazofikiria, nami nitakuhesabia mwezi na kukwambia saa ya kuvuka pale Kongo.