Mwani vamizi kwenye jua kali: umeumia au umejikinga?

SWALI: Mradi wangu wa uzamili unahusu mwani vamizi wa jenasi ya Caulerpa. Nimeupima kwa fluoromita ya PAM (mashine inayosoma mwanga hafifu unaotolewa na klorofili) katika kina cha mita 3 na mita 20. Saa sita mchana, ule wa juu unatoa Fv/Fm (kipimo cha ufanisi wa usanisinuru) ya 0.5, wa chini 0.75. Msimamizi wangu anasema wa juu umeumizwa na jua, lakini kwa macho ndio unaostawi zaidi. Nimwamini nani? Na je, wa chini hubadilisha rangi ili unase mwanga wa buluu?

JIBU: Kwa kipimo kimoja cha mchana huwezi kumwamini yeyote kati yenu. Fv/Fm ikishuka inakwambia tu kwamba sehemu ndogo zaidi ya mwanga unaonaswa inaweza kutumika katika usanisinuru. Haikwambii kwa nini. Huenda mwani wenyewe umefunga breki, nishati iliyozidi ukaitoa kama joto kabla haijaleta madhara. Huenda pia protini ya mtambo wa usanisinuru iitwayo D1, ambayo hupigwa na mwanga na kuharibika kila siku hata kwa mimea yenye afya, inavunjika upesi kuliko inavyotengenezwa upya. Kinachotenganisha hali hizo ni muda wa kupona. Breki hulegea ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi mwani ukiwa kivulini, ilhali ukarabati wa D1 huchukua saa kadhaa.

Kwa hiyo rudi majini ukapime matawi yaleyale kabla ya mapambazuko, saa sita mchana, baada ya jua kuzama, kisha alfajiri inayofuata. Kila mara yafunike kwa kibanio cha giza dakika 15 hadi 20 kabla ya kupima, na muda huo usiubadilishe hata kidogo. Alfajiri ya pili wa juu ukikaribia tena 0.75, mjulishe msimamizi kwa heshima kwamba mgonjwa amelala akaamka mzima. Ukibaki chini siku baada ya siku, yeye ndiye aliyeona sawa. Pima pia sehemu ileile ya tawi kila safari, kwa sababu mwili mzima wa Caulerpa ni seli moja kubwa mno, na kloroplasti zake husafirishwa na mkondo wa ndani ya seli. Namba ya ncha na namba ya shina hazilingani.

Kuhusu rangi, umeangukia hoja ya zamani sana. Mwanasayansi Mjerumani Engelmann aliieleza mwaka 1883: kila rangi ya mwani ikae pale penye mwanga unaoifaa, wekundu wakiwa chini kabisa. Hoja inapendeza, lakini bahari haikuitii. Ni kweli kwamba mwani mwekundu wenye ganda la chokaa ulipatikana Bahamas kwenye mita 268, ila mwani wa kijani nao hufika chini sana. Codium, mvamizi mwingine, una mwili mnene kama sifongo, na mwanga ukishaingia humo hautoki kirahisi, uwe wa rangi yoyote. Caulerpa na Codium pia wana sifonazanthini, rangi inayonasa mwanga wa kijani, lakini wanayo kwa urithi, juu na chini. Kinachobadilika zaidi mwani ukiwa kwenye kina ni kiasi: klorofili huongezeka, upumuaji hupungua, na usanisinuru hufikia kilele kwa mwanga hafifu. Kilele hicho utakiona kwenye mikunjo ya mwanga ya mashine yako. Thamani ya Ek, yaani kiasi cha mwanga ambapo usanisinuru huanza kukaribia kilele, inapaswa kuwa ndogo kwa wa chini.

Na nani amekwambia mwanga wa mita 20 hapo kwako ni wa buluu? Kwenye maji maangavu, ndiyo. Kwenye maji ya pwani yenye tope na vijimea vingi, wa kijani ndio huenda mbali. Upime kwanza.

Limebaki swali ambalo hukuuliza, na mtahini ataliuliza: tofauti hizo za juu na chini ni mazoea ya mazingira au ni nasaba mbili zenye urithi tofauti? Caulerpa taxifolia iliyoonekana Monaco mwaka 1984 ilisambaa Mediteranea kwa vipande, kwa hiyo tofauti zake za kina haziwezi kuelezwa kirahisi kwa urithi. Kwako, njia ni kubadilishana: wa juu upeleke chini, wa chini upandishe juu, kisha subiri wiki 2 hadi 3. Weka na vipande vya ulinganisho, vilivyokatwa vikarudishwa kwenye kina chake kilekile, maana kukata peke yake kunashusha Fv/Fm. Ukimpandisha wa chini ghafla, siku za mwanzo utaona namba mbaya sana. Usizifute, hizo ndizo zinaonyesha mwendo wa kuzoea.

Ila omba kibali kwanza, na vyote viwe ndani ya vizimba vya wavu mwembamba, ukivihesabu wakati wa kuvitoa. Kipande cha sentimita chache kinachokuponyoka kinaweza kuota mahali ambapo mwani huo haukuwepo.