Brashi 6, watoto 40

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa mwalimu wa chekechea ambaye hatujawahi kuonana. "Mwalimu, makala zako nazisoma zote. Ila mimi nina watoto 40, brashi 6 na mkuu wa shule asiyetaka kuona doa. Mambo ya rangi nakuachia wewe mwenye darasa zuri."

Nilicheka, halafu nikanuna. Kilichoniuma ni hayo maneno ya mwisho. Darasa zuri! Anadhani nilizaliwa na aproni. Basi namjibu hapa mbele ya watu, na wewe unayetamani watoto wako washike rangi bila darasa kugeuka jalala, sogea usikilize.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nilichokiita kipindi cha rangi kilikuwa kipindi cha utii. Nilichora samaki mmoja, nikatoa nakala 33, nikagawa. Mwili njano, mapezi mekundu, na ole wake atakayevuka mstari. Aliyevuka alipewa karatasi nyingine aanze upya. Nilipowabandika ukutani, samaki wote 33 walikuwa wanatazama upande mmoja kama watu wanaosubiri basi. Nikaona fahari.

Siku ya wazazi ilipokaribia nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Jioni, watoto walipoondoka, nilibaki na brashi nyembamba nikawarekebisha samaki mmoja mmoja. Mkia uliopinda nikaunyoosha. Asiye na jicho nikampa jicho. Penye madoa nikapaka nyeupe juu yake. Nilitoka giza limeshaingia, mgongo unauma, lakini roho imetulia.

Kesho yake akaja kijana wangu mmoja wa miaka 5, anamvuta mama yake mkono. Akapita ukuta mzima, akarudi mwanzo, akapita tena. Nikamwonyesha: "Hii hapa yako, si unaona jina lako?" Akaitazama. "Siyo yangu." Mama akacheka kwa aibu, akamwambia amshukuru mwalimu. Mtoto hakuyumba. "Yangu ilikuwa na mvua."

Mvua! Yale madoa ya bluu niliyoyafunika kwa nyeupe. Nilikuwa nimeifuta mvua ya mtoto wa watu kwa mkono wangu, na jina lake nikaliacha pale chini kama ushahidi wa uongo. Sikumjibu kitu. Nilijifanya naitwa na mzazi mwingine.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio huo huo wa pili na wa tatu, ni huu: mkono wako usiguse karatasi ya mtoto. Usimwongezee jicho, usimnyooshee mstari. Hata jina liandike nyuma. Na usimkabili na swali la "Hii ni nini?" maana mara nyingi bado haijawa kitu, na atakutungia jibu ili umwache. Mwambie, "Nisimulie," kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, najua, sisi walimu tumeumbwa na midomo.

Baada ya aibu ile niliamua kubadilika, na kama kawaida yangu nikabadilika kwa pupa. Wiki iliyofuata nikaleta rangi ya vidole. Sikuwa na aproni, sikuwa na ndoo ya maji ndani, na watoto 33 nikawaachia kwa pamoja. Nadhani unaweza kuumaliza mwenyewe mkasa huo. Mkuu wa shule wa wakati ule aliniita mbele ya walimu wenzangu wote akasema, "Tumekuajiri ufundishe, siyo upake watoto matope." Wenzangu wakacheka. Nimehama pale miaka mingi, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Miaka ikapita ndipo nikasoma habari za Ruth Faison Shaw, mwalimu Mmarekani aliyekuwa na shule mjini Rome, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndiye aliyeingiza rangi za vidole madarasani. Inasimuliwa kwamba alimtuma mtoto akapake dawa ya iodini kwenye kidole alichojikata, akamkuta anaipaka ukuta mzima wa bafu kwa furaha. Mwingine angetafuta fimbo. Yeye alitafuta namna ya kutengeneza rangi inayoweza kupakwa hivyo bila madhara. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Natamani mkuu wangu angekuwa ameisoma habari hiyo kabla ya kikao kile.

Hata hivyo, kwenye jambo moja alikuwa sahihi, na namkubalia kwa shingo upande: sare. Mzazi akifua doa usiku kucha, hata umweleze nini kuhusu ubunifu hatakuelewa. Siku hizi kila mtoto analeta shati kuukuu la mtu mzima, analivaa kinyume, vifungo mgongoni, mikono imekunjwa. Kwenye rangi natia kijiko cha sabuni ya maji ya vyombo ili itoke kirahisi kwenye nguo. Ndoo ya maji na matambara viko ndani ya darasa, maana mtoto mwenye mikono ya rangi ukimtuma bombani, kila mlango atakaopita utajua amepita.

Sasa brashi 6. Mwalimu mwenzangu, brashi 6 ni utajiri! Siri ni kwamba brashi ni ya kopo, si ya mtoto. Weka makopo 3, nyekundu, njano na bluu, kila kopo na brashi 2 ambazo hazihami. Mtoto anayetaka njano anachukua brashi ya njano, akimaliza anairudisha alikoitoa. Kaa na watoto 6 tu kwa robo saa, waliobaki wana udongo wa kufinyanga au vitabu vya picha. Makundi 2 kwa siku, hadi Alhamisi umewamaliza wote 40. Kundi la mwisho litakuwa na watoto 4. Hapo mimi huwaweka wale wanaoogopa kuchafuka, wapate nafasi na utulivu. Na kopo la njano lijaze zaidi, kwa sababu tone moja la bluu likiingia humo, njano kwaheri.

Kwa mara ya kwanza nakushauri uanze na makopo 2 tu, njano na bluu, na usiwaambie kitakachotokea. Mwaka huu binti mmoja alikuwa anapaka bluu juu ya njano mbichi. Akasimama ghafla. Akainua brashi akaichungulia kwa chini, kisha akachungulia ndani ya kopo, kisha akamgeukia jirani yake kwa hasira: "Nani ameniwekea kijani?" Jirani akaapa si yeye. Wakafanya uchunguzi, wakapaka tena pembeni, polepole, nyuso zimekaribia karatasi mpaka pua ya mmoja ikaguswa na rangi. Nilikuwa na somo zima la rangi nililoliandaa, nikaliacha mezani. Wiki inayofuata nyekundu na njano. Makopo yote 3 yakikutana utapata kahawia, na kuna watoto watakaokaa kwenye kahawia mwezi mzima. Waache.

Huna brashi kabisa? Nimepitia huko. Kunja karatasi katikati, dondosha rangi upande mmoja, funika, kandamiza kwa kiganja, fungua. Kata sponji vipande. Paka rangi kwenye mgongo wa jani, upande wenye mishipa, uligandamize. Au mchoree mtoto siri kwa mshumaa mweupe kwenye karatasi nyeupe, kisha apitishe rangi nyepesi ya maji: nta inakataa maji, mchoro unajitokeza wenyewe, na darasa zima litapiga kelele. Kupuliza rangi kwa mrija nako ni kuzuri, ila toboa tundu dogo upande wa juu wa mrija, la sivyo kuna mmoja atavuta badala ya kupuliza. Kuna mmoja kila mwaka.

Rangi ya vidole unaweza kuipika mwenyewe: kikombe kimoja cha wanga wa mahindi kwenye vikombe 4 vya maji, koroga motoni mpaka iwe uji mzito, ipoe kabisa, gawa, tia rangi ya chakula. Haikai siku nyingi. Kitu kimoja tu nitakuwa mkali: rangi ya kupaka nyumba usiilete darasani hata kama imebaki bure. Baadhi zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa binadamu. Mtoto wa miaka 3 atalamba tu.

Najua utakutana na mzazi atakayekuambia, "Mwalimu, mbona anachorachora tu?" Mimi humjibu kwa habari za Rhoda Kellogg, mwalimu wa watoto wadogo kule San Francisco aliyekusanya michoro ya watoto takribani milioni moja. Katika mistari hiyo hiyo tunayoiita ovyo, yeye aliona aina 20 za msingi ambazo mtoto huzijenga hadi afike kwenye duara, jua na mtu. Mzazi akishasikia hivyo huichukua karatasi kwa mikono miwili.

Na wewe mwalimu, acha kusubiri darasa zuri. Acha kumwogopa mkuu wako kuliko unavyowapenda watoto wako. Mwonyeshe ndoo, mwonyeshe mashati, mwalike aketi na kundi moja. Wa kwangu wa sasa alikuja kukagua akaondoka na kidole cha bluu.

Anza Jumatatu na watoto 6. Ukishajaribu, niandikie, unitumie na picha zao. Ila usizirekebishe kwanza. Nitajua.