Maswali yenu: jiwe la zambarau ni amethisto kweli?

Nimepewa jiwe la zambarau linalong'aa. Nitajuaje kama ni amethisto?

Rangi iache mwisho. Ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Anza na ugumu. Amethisto ni kwatzi (madini magumu yanayopatikana kwa wingi) ya rangi ya zambarau, na ugumu wa kwatzi ni 7 katika kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, kwa hiyo ncha yake huchora kioo cha dirisha bila shida. Kisha pitisha kisu juu yake, mahali pasipoonekana. Ukiona mstari wa kijivu usikate tamaa: lowesha kidole ufute. Ukifutika, hicho ni chuma cha kisu kilicholika, jiwe liko salama. Fluoriti ya zambarau, madini mengine yanayowapoteza wengi, ina ugumu wa 4 tu, kisu huichimba.

Tazama pia palipovunjika. Fluoriti hupasuka na kuacha nyuso bapa. Kwatzi huacha mbonyeo wenye mawimbi, kama ndani ya ganda la chaza. Kioo nacho huvunjika hivyo hivyo, lakini ukikitazama kwa lenzi mara nyingi utakuta viputo vya mviringo. (Jiwe lililokwisha kuchongwa usilikwaruze, tafadhali. Mpelekee mtaalamu wa vito.)

Zambarau hiyo inatokana na nini?

Chembe kidogo za chuma ndani ya fuwele, zikapigwa na mnururisho (mionzi) wa asili wa miamba kwa muda mrefu mno. Chuma peke yake hakitoshi.

Langu nililiweka dirishani, sasa limepauka. Niliuziwa bandia?

Si lazima. Amethisto halisi nayo huweza kupauka ikikaa juani muda mrefu. Litoe hapo.

Nina sitrini (kwatzi ya njano au chungwa) ya rangi ya chungwa iliyokolea, chini nyeupe. Ni ya asili?

Nina shaka kubwa. Sitrini ya asili kwa kawaida ni ya njano hafifu. Amethisto ikipashwa moto wa nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi hivi hugeuka njano au chungwa, na sehemu kubwa ya sitrini sokoni imepatikana hivyo. Bado ni kwatzi halali. Kosa ni la muuzaji anayenyamaza.

Na amethisto iliyotengenezwa maabara?

Hapo kisu na lenzi yako havisaidii sana: ni kwatzi ileile, ugumu uleule. Kama fedha ni nyingi, dai cheti cha maabara ya vito kabla ya kulipa.