Hoteli ya "kila kitu ndani" Pwani: uliza haya kabla ya kulipa

Likizo za shule zikikaribia, matangazo ya hoteli za Diani hutujaa kwenye simu hapa Nairobi: bei moja, kila kitu ndani. Kabla hujatuma pesa, waombe wakuandikie kilichomo na kisichokuwamo. Kwa kawaida mtapata milo mitatu, vitafunio vya alasiri, soda na bia za hapa nchini. Juisi ya kukamuliwa papo hapo, mvinyo wa nje, masaji na safari ya mashua kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti mara nyingi hulipiwa kando.

Halafu kuna dada anayetusaidia na watoto. Hoteli tuliyokwenda ilimhesabu kama mgeni mtu mzima, bei kamili, ingawa alikuwa analala chumba kimoja na watoto. Nilizungumza nao kwa simu kabla ya kulipa, wakatupunguzia. Ukishalipa, mlango huo umefungwa. Na tafadhali, mkifika mpangie saa zake za kupumzika. Wetu alipofika ufukweni alivua viatu, akasimama maji yakimfika vifundoni, hakutaka kusemeshwa. Niliwachukua watoto nikamwacha.

Uliza pia "mtoto" wao anaishia miaka mingapi, na mbebe vitambulisho na nakala za vyeti vya kuzaliwa, maana bei ya wakazi huenda ikahitaji uthibitisho.

Bahari nayo ina ratiba yake. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na yakipwa Diani yanabaki madimbwi kuelekea kwenye mwamba. Watoto watafurahia kaa na samaki wadogo, lakini wavae viatu vya mpira. Kuogelea kusubiri maji yajae. Chumbani, fungeni mlango wa roshani. Tumbili wa huko hawabishi hodi.

Aprili na Mei bei hushuka kwa sababu ya masika. Usafiri si shida: treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Miritini, Mombasa, kisha gari kupitia barabara ya Dongo Kundu bila kupanga foleni ya feri Likoni. Uliza kama gari hilo limo kwenye bei.

Kwangu mimi, mpango huu unawafaa wenye watoto wadogo wanaodai chakula kila saa. Kama wenu ni vijana wanaopenda kuzurura, lipieni kifungua kinywa na chakula cha jioni tu, mchana mwende Ukunda mkale wali wa nazi na samaki.