Makohozi Kwanza, Dawa Baadaye: Maswali Yenu na Majibu

Mwezi uliopita niliandika juu ya sistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yanayoufanya ute wa mapafu kuwa mzito, jamii nzima ya bakteria ikahamia humo isitoke tena. Nilitarajia barua mbili tatu. Zimekuja tele, na nusu yake zauliza jambo moja tu: ni dawa gani ya kununua. Hizo nimezijibu kwa pamoja hapo chini, na sitazirudia.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 9 na tangu akiwa anyonya akohoa. Ametibiwa kifua kikuu mara mbili, ingawa vipimo havikuonyesha kitu. Sasa daktari mmoja ametaja haya maradhi uliyoyaandika, lakini shemeji yangu asema ni ya wazungu. — Mama, Langoni

Marahaba, mamangu. Shemeji yako amesikia nusu. Ni kweli yaonekana zaidi kwa wenye asili ya Ulaya, na vitabu vingi vimeandikwa kwa kuwatazama wao. Jeni yenyewe, CFTR, ilipatikana mwaka 1989 kwenye kromosomu ya 7, na hitilafu yake maarufu, F508del, ni ya huko. Lakini Waafrika wana yao, iitwayo 3120+1G→A, iliyokutwa kusini mwa Afrika na kwa Wamarekani weusi. Kipimo cha jeni kinachotafuta ile ya Ulaya peke yake chaweza kumpa mtoto wetu cheti cha uzima ilhali ni mgonjwa.

Mtazame mwenyewe kwanza. Ukimbusu kipaji, wasikia chumvi kupita kwa ndugu zake? Choo chake chaelea, chanuka vibaya na kuacha mafuta? Ala vizuri na bado hanenepi? Ukijibu ndiyo, mwambie daktari wa watoto aandike rufaa, na utaje kipimo kwa jina: kloridi ya jasho. Ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, jibu limekaribia kukamilika.

Habari ya jasho ina asili yake. Wimbi la joto la New York mwaka 1948 liliwalaza hospitalini watoto wenye maradhi haya, na mwaka 1953 Paul di Sant'Agnese na wenzake wakaeleza kwa nini: jasho lao hutoka na chumvi nyingi mno. Sasa fikiria mtoto huyo Lamu, mwezi wa Februari, jua la utosi, hana feni. Akithibitishwa, atahitaji chumvi zaidi kuliko nyinyi nyote nyumbani. Asinyimwe kwa sababu bibi yake ana presha.

Kuhusu kifua kikuu, sitawalaumu waliomtibu mara ya kwanza. Watoto hawajui kutoa makohozi, na daktari hulazimika kuamua kwa dalili. Mara ya pili ndiyo inayoniudhi. Mtoto amemaliza dawa na bado akohoa vilevile, wampa zile zile?

Makohozi yangu ni ya kijani. Ninywe antibiotiki gani? — Wengi, kutoka Mkomani hadi Mpeketoni

Hakuna. Rangi hiyo hutokana zaidi na chembe nyeupe za damu yako zinazopigana, na haimtaji adui. Lete makohozi kwetu maabara.

Wewe waandika "jamii ya bakteria", lakini karatasi ya maabara ya dada yangu ina jina moja tu, Pseudomonas. Nani mkweli? — Mwanafunzi wa uuguzi, Malindi

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Karatasi ina jina moja kwa sababu sisi wa maabara twaotesha anayekubali kuota. Makohozi yapakwa kwenye sahani ya chakula, yawekwa kwenye joto la nyuzi 37, na anayekipenda chakula hicho na hewa hiyo ndiye anayejitokeza. Wanaochukia oksijeni hawafiki hata asubuhi. Tangu watafiti waanze kusoma vinasaba moja kwa moja kutoka kwenye makohozi, bila kumwotesha yeyote, wamewakuta humo akina Prevotella, Veillonella na jamaa za streptokoka wa kinywani, wakiishi bega kwa bega na wale tuliowazoea.

Na mji huo hubadilika wenyeji. Utotoni hutawala Staphylococcus aureus na Haemophilus influenzae. (Usiniambie mtoto amechanjwa. Chanjo iliyoingia Kenya mwaka 2001 yakinga aina b ya Haemophilus, na wanaokaa kwenye mapafu haya kwa kawaida si wa aina hiyo.) Ukubwani, kwa wengi, Pseudomonas aeruginosa hutwaa usukani. Kadiri pafu linavyochakaa na antibiotiki zinavyorudiwa, ndivyo aina za bakteria zinavyopungua, hadi abaki mbabe mmoja na wafuasi wake. Kipi kilitangulia, uchakavu au dawa, si rahisi kutenganisha, kwa kuwa aliyezidiwa ndiye anayepewa dawa nyingi.

Huyu Pseudomonas haishi akielea peke yake. Hujijengea utando. Nyumba kongwe za hapa zina birika la kuhifadhia maji, na kila aliyewahi kulisafisha aujua ule ute wa ukutani: watia dawa, maji yang'aa, ute wabaki palepale. Ndani ya pafu ni jambo lile lile, na si mfano wa kuchora tu, maana ute wa birika nao ni bakteria waliojifunika. Huko ndani hupeana habari kwa kemikali, hugawana chakula, wengine hupunguza mwendo wa maisha yao hadi dawa inayowasaka wanaokua haiwagusi. Wakikaa miaka hubadilika pia, wakaanza kutoa ute wao wenyewe kwa wingi, na kwenye sahani twawaona waking'aa kama waliopakwa mafuta. Hapo kuwatoa ni kazi.

Vile vidonge vya karatasi tunavyoviweka kwenye sahani ili kujua dawa ipi yaua huwapima bakteria walio huru, si waliojifungia. Ndiyo sababu mgonjwa aweza kupata nafuu kwa dawa iliyoandikwa "haiui", na mwingine akazidiwa kwa iliyoandikwa "yaua". Usije ukawaambia watu kwamba basi kupima hakuna maana! Kipimo chatuambia nani amebisha hodi. Pseudomonas akikamatwa mara ya kwanza, kabla hajajenga, tobramaisini, antibiotiki ya kuvuta, kwa siku 28 mara nyingi humfukuza. Akikamatwa baada ya miaka 5 ya kubahatisha, mwamzungumzia mwenye nyumba.

Na sasa kubahatisha kwenyewe. Amoksilini, ambayo kila duka la dawa mjini lauza kama peremende, haimwui Pseudomonas hata kidogo. Kwa maumbile yake aistahimili. Inayowaua ni majirani zake. Kwa hiyo mama anayempa mtoto huyu amoksilini ya siku tatu kila kifua kinapobana anamfagilia mbabe uwanja. Muuza dawa aliyeitoa bila karatasi ya daktari amevunja sheria juu ya hayo.

Babangu asema tumpeleke mtoto akaoge bahari ya Shela kila Ijumaa, maji ya chumvi yasafisha kifua. Ni ushirikina? — Bi. M., Lamu

Mwambie mzee ana hoja kuliko anavyojua. Madaktari wa Australia waliona kwamba wagonjwa wao waliozoea kuteleza kwenye mawimbi walikuwa na nafuu. Wakafanya utafiti wa wagonjwa 164 kwa wiki 48, matokeo yakachapishwa mwaka 2006: wanaovuta mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 7, mara mbili kwa siku, walishikwa na makali ya kifua mara chache zaidi. Chumvi huvuta maji juu ya ute, ute ukalainika, ukakohoka.

Mpelekeni aoge, mazoezi ni dawa. Lakini asije mtu akatia maji ya bahari kwenye nebulaiza, ile mashine ya kuvutia mvuke wa dawa! Bahari ina takriban asilimia 3.5 ya chumvi, na viumbe visivyo na idadi. Maji ya dawa hutengenezwa yakiwa safi kabisa, na kwa kawaida mtoto hupewa kwanza dawa ya kufungua njia za hewa, kwani chumvi yaweza kumbana. Kikombe cha nebulaiza kioshwe kwa sabuni, kichemshwe dakika 5, kikaushwe kabisa. Pseudomonas hupenda unyevu: sinki, mipira ya maji, na hicho kikombe mnachokiacha na matone juu ya kabati.

Kuna familia nyingine yenye mtoto kama wetu. Twataka wacheze pamoja wasijihisi wapweke. — Baba, Mokowe

Moyo wako mzuri, lakini hapana. Watoto wenye maradhi haya huambukizana bakteria ambao mimi na wewe hawatudhuru. Mbaya zaidi ni Burkholderia cepacia, aliyetambuliwa kwanza kama mwozesha vitunguu. Ndani ya mapafu haya aweza kumwangusha mgonjwa kwa muda mfupi, na huko Ulaya na Amerika alienea kambini, mahali ambapo wagonjwa walikusanywa kwa nia njema kama yako. Wakae mita 2 mbalimbali. Waongee kwa simu. Nyinyi wazazi kutaneni mtakavyo.

Nimezaa na binti ami yangu, mtoto wa kwanza ni mgonjwa. Kwa kuwa ni mmoja kati ya wanne, hao watatu wanaofuata watakuwa salama? — Lamu, jina nimelificha

La. Kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuwa na maradhi haya, upya, kana kwamba hakuna aliyezaliwa kabla yake. Sikulaumu kwa kuoa ndani. Babu zetu walioa hivyo na wengi walizaa wazima. Lakini mkiwa mmeshajua, msimwoze mtoto mzima wa nyumba hiyo kwa mtoto wa ami mwingine kabla ya kuuliza habari ya vipimo.

Je, ile dawa mpya ya Marekani?

Trikafta, dawa inayoirekebisha protini ya jeni ya CFTR, iliyoidhinishwa 2019, hugharimu zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, na mwenye ile hitilafu ya Kiafrika kutoka kwa wazazi wote wawili haina protini ya kumrekebishia. Hata wanaofaidika nayo, wengi bado wana Pseudomonas, ingawa wamepungua.

Asali na habasoda? Udi?

Asali na habasoda mle. Chetezo kitoke chumbani.

Nilimaliza dawa za kifua kikuu miaka mitatu iliyopita. Kila asubuhi natoa makohozi nusu kikombe. Nikizidiwa nanunua azithromaisini, napata nafuu wiki mbili. Mimi pia nina hayo maradhi ya kurithi? — Nahodha, Matondoni

Yaelekea huna, nahodha, lakini barua yako ndiyo iliyonifanya niandike zote hizi. Kifua kikuu kikipona huacha njia za hewa zimetanuka na kulegea, ute ukatuama, na bakteria wale wale wakajenga mji. Wenye hali yako hapa pwani ni wengi kuliko watoto wa sistiki faibrosisi, na hamna anayewaandikia.

Azithromaisini ya muda mrefu huwasaidia baadhi ya wagonjwa, ikitolewa na daktari kwa ratiba. Kabla ya hapo lazima ihakikishwe kwamba huna bakteria wale walio jamaa za kifua kikuu, ambao GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu, haikuundwa kuwaona. Ukiwapiga kwa azithromaisini peke yake, wazoea, na dawa muhimu ya kuwatibu imekwisha kazi. Dawa hiyo yaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo na kuharibu masikio, na nahodha asiyesikia ni hatari kwa abiria.

Rudia kipimo cha kifua kikuu, hospitali ya serikali hailipishi. Omba picha ya kifua na uoteshaji wa makohozi. Kila asubuhi lala ubavu mmoja kisha wa pili, pumua kwa kina, kisha sukuma hewa kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, hadi kifua kitoe kilichomo. Ukiona damu, panda mashua siku hiyo hiyo.

Makohozi nitayaletaje kutoka Kizingitini? — Kijana

Asubuhi, kabla ya chai. Sukutua kwa maji matupu, kohoa kutoka chini kabisa, mate sitaki. Tumia kichupa safi cha zahanati, andika juu yake jina, saa, na kila antibiotiki uliyoinywa mwezi huu, hata ile unayoionea haya. Huwezi kufika ndani ya saa 2, kitie kwenye kijokofu cha barafu, kifike siku hiyo hiyo. Kikija ndani ya kopo la siagi nitakirudisha kwa mashua iliyokileta.