Benchi la kujiundia na kamelia mbili: nyekundu hupotea kwanza

Mkuu, umeuliza benchi uliweke wapi ili ufaidi kamelia zako, vile vichaka vya maua, kimoja cha rangi ya waridi na kingine chekundu, na kama mbao za paleti (yale majukwaa ya kubebea mizigo) zinafaa. Mbao nitazifikia. Tuanze na mahali, maana hapo ndipo nilipochemsha.

Mimi nilitangulia kuunda benchi, nikalichimbia miguu chini kabisa ya ile nyekundu, nikiota maua yakinidondokea mapajani. Kumbe mizizi ya kamelia iko juujuu. Niliikata mingi kwa sururu, na msimu uliofuata matumba yakapukutika kabla ya kufunguka. (Kiu wakati matumba yanajitunga huleta balaa hilohilo. Mwagilia, tena maji ya mvua ukiyapata. Yenye chokaa nyingi huyafanya majani kuwa ya njano. Mmea huu unapenda udongo wenye tindikali, sawa na ndugu yake mchai, ambao ni wa jenasi hiyohiyo.)

Benchi la pili liko hatua nne hivi kutoka kwenye shina, na kabla ya kukata hata ubao mmoja nilikalia ndoo iliyopinduliwa, wiki nzima, kila siku saa tofauti. Watu wa nyumbani walinicheka. Lakini ile ndoo ndiyo iliyonionyesha kwamba giza likianza kuingia, nyekundu hupotea kwanza. Inakuwa nyeusi tii huku ya waridi bado inaonekana kama imewashwa taa. Ua halijabadilika, ni macho yetu: mwanga ukipungua, wekundu ndio hufifia mapema. Kwa hiyo ukiwa mtu wa kukaa nje jioni baada ya kazi, benchi lielekee ya waridi. Nyekundu ifaidi mchana, jua likiwa nyuma ya petali zake.

Kama kwenu jalidi hushuka, angalia na jua la asubuhi. Matumba yaliyoganda yakipigwa na jua ghafla huungua, na huna cha kutazama.

Haya, mbao. Paleti zinafaa, ila soma muhuri: HT maana yake zilipashwa joto, chukua, MB zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu, achana nazo. Kiti kiwe sentimita 45 hivi kutoka chini, na egemeo lilale nyuma kidogo. Langu la kwanza lilisimama wima, ukikaa unajiona mshitakiwa. Kati ya vibao acha mwanya wa kidole ili maji yapite. Toboa kwa keekee kabla ya kukaza skrubu, la sivyo ncha za ubao zitapasuka, na skrubu ziwe zisizoshika kutu. Ukipata mwaloni, misumari ya chuma cha kawaida isiuguse kabisa: ikilowa tu inaacha michirizi myeusi. Chini ya kila mguu weka jiwe bapa, maana ubao hunywa maji kupitia ncha zake na kuoza kuanzia hapo.

Mimi nimepaka mafuta ya kitani. Matambara uliyopakia usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yawe makavu kabisa.

Rangi je? Mke wangu alitaka benchi jekundu lifanane na maua, nami nikaona ni wazo zuri. Tukapaka. Tangu siku hiyo kila mgeni akawa anasifia benchi, kamelia hakuna aliyeziona. Niliikwangua kwa msasa siku mbili, mkono ukavimba. Sasa ni mbao tupu yenye mafuta, na ua jekundu likidondoka juu yake hakuna anayeruhusiwa kuliondoa mpaka kesho yake.