Maswali na Majibu: Nani Hulipia Maandamano?

Barua kuhusu fedha za wanaharakati zimejaa kwenye sanduku la safu hii. Nimechagua chache na kuzifupisha.

Lisemwalo lipo. Mwaka 2024 Rais mwenyewe aliitaja Ford Foundation, taasisi ya Marekani inayotoa ruzuku, vijana wa Gen Z walipoandamana. Mbona mnaifichia siri? (Msomaji, Nakuru)

Siri gani, ndugu yangu, na maneno yenyewe yalisemwa Keringet, huko huko kwenu? Ilikuwa Julai 15, 2024. Rais Ruto aliituhumu Ford Foundation kwamba inadhamini vurugu. Siku tatu baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikaiandikia taasisi hiyo barua, ikitaka maelezo kuhusu dola milioni 5.78 zilizogawiwa mashirika 16 kati ya Aprili 2023 na Mei 2024. Barua ilidai kwamba dola milioni 1.49 kati ya hizo zilitolewa kwa haraka isiyo ya kawaida. Ford ikakana kufadhili maandamano.

Sasa tazama tarehe. Muswada wa Fedha uliowatoa vijana majumbani ulifika bungeni Mei 2024. Aliyetoa ruzuku Aprili 2023 angejuaje kwamba mwaka mmoja mbele serikali ingetaka kutoza mkate VAT? Labda kwa ramli. Sisemi fedha hizo hazina uzito. Shirika lenye ofisi, mishahara na wakili husikika kuliko lisilo navyo, na likizoea ruzuku huanza kupanga kazi zake kwa kumtazama mfadhili usoni. Hilo ni la kuhojiwa. Ila kulipia ofisi ni jambo moja, kumlipa kijana akavute moshi wa machozi ni jingine, na barua ya wizara haikuonyesha nani alilipwa kuandamana.

Basi nani alilipa? Hakuna cha bure duniani. (Mombasa)

Kuandamana kwenyewe hakugharimu sana: nauli ya matatu, chupa ya maji, bando la simu, kipande cha kadibodi na kalamu. Wengi walijilipia. Gharama nzito huja jioni, watu wakishakamatwa na kupigwa risasi: hospitali, dhamana, jeneza. Hapo ndipo harambee zilipoingia. Mchango alioufungua mwanaharakati Hanifa Adan kupitia M-Changa, jukwaa la michango mtandaoni, kwa ajili ya majeruhi na waliofiwa, ulifika takriban shilingi milioni 30 za Kenya. Mawakili walikwenda vituo vya polisi bila kudai ada. Hizo nazo ni fedha, maana saa ya wakili ina bei.

Nigeria ilitangulia. Oktoba 2020, wakati wa EndSARS, maandamano ya kupinga ukatili wa kikosi cha polisi cha SARS, kundi la wanawake liitwalo Feminist Coalition lilikusanya takriban naira milioni 147. Njia zao za benki zilipozibwa, wakahamia bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Kilichonivutia zaidi ni kwamba walikuwa wakitoa hesabu hadharani maandamano yakiendelea: ngapi zimekwenda kwenye matibabu, ngapi kwenye chakula, ngapi kwa mawakili. Vyama vyetu vingi vya siasa haviwezi hata robo ya hilo.

Lakini si kuna mahali mkono wa nje ulikuwepo kweli? (Kampala)

Upo, na asiyekiri hilo anakudanganya. Solidarność, chama cha wafanyakazi cha Poland kilichoipinga serikali ya kikomunisti, ilisaidiwa na vyama vya wafanyakazi vya Marekani, na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, nayo ikapenyeza fedha kwa siri. Otpor, vijana wa Serbia walioshiriki kumwangusha Rais Milošević mwaka 2000, walipata fedha za Marekani. Hata hivyo wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk, Poland, waligoma Agosti 1980 kwa hasira zao wenyewe, na fedha za CIA zikaja baadaye.

Kisa ninachokipenda ni cha International Defence and Aid Fund, mfuko wa padri John Collins wa London uliowasaidia walioshtakiwa na kufungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Makaburu waliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1966. Mfuko haukufa. Fedha za wafadhili, Sweden ikiwa mbele, zilipitishwa kwenye amana na ofisi ya mawakili wa heshima London, zikawafikia mawakili wa Afrika Kusini kama malipo ya mteja wa kawaida. Kwa familia za wafungwa njia ilikuwa ya upole zaidi: watu wa kawaida Uingereza na kwingineko walimwandikia mama fulani barua, kana kwamba ni rafiki wa mbali, wakimtumia hela kidogo. Mama akajibu kwamba mtoto amefaulu darasani na sare imenunuliwa. Jibu lake ndilo lililokuwa risiti. Kufikia 1991 ulipofungwa, mfuko huo ulikuwa umepitisha karibu pauni milioni 100. Fedha za nje, tena za siri. Je, chuki dhidi ya ubaguzi ililetwa na Collins?

Shikamoo mzee. Na TANU, nani aliilipia? (Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Ada za wanachama, na wenye nacho. John Rupia, mfanyabiashara, alifungua mfuko wake. Dossa Aziz alitoa Land Rover ambayo Nyerere aliitumia kuzunguka nchi.

Serikali zikitaka kujua fedha zinatoka wapi, kosa liko wapi? (Eldoret)

Kujua si kosa. Kanuni za Tanzania za 2018 zinalitaka shirika litangaze mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20, na mimi hilo halinikeri. Kuziba ndiko kunakonikera. Ethiopia mwaka 2009 iliweka kikomo cha asilimia 10 kwa fedha za nje kwa mashirika ya haki za binadamu. Mengi yakageukia kazi nyingine au kufunga milango, hadi sheria ilipobadilishwa 2019. Uganda ilisimamisha DGF, mfuko wa nchi za Ulaya uliofadhili mashirika ya demokrasia na utawala bora, mwaka 2021, na mwisho wa 2022 ukafungwa kabisa.

Tena udadisi huo uangalie pande zote. Juni 17, 2025, Nairobi, wahuni waliopakiwa kwenye bodaboda, marungu na mijeledi mkononi, waliwavamia waandamanaji mchana kweupe. Mafuta ya pikipiki zile yalilipiwa na mtu. Kwake yeye sijaona barua ya wizara yoyote ikiuliza hesabu.